Kipimo kinasema virusi vya UKIMWI (VVU) havionekani, mgonjwa anauliza kwa nini asiache dawa. Watu wa hesabu, nisaidieni

Nesi wa Nyanda za Juu:

Wakuu, habari za leo. Niko CTC, kliniki ya huduma na tiba kwa wenye VVU, mkoani Njombe, na kazi yangu kubwa ni ushauri wa ufuasi wa dawa. Wiki hii kijana mmoja fundi amepokea majibu ya kipimo chake cha kwanza cha wingi wa virusi, kile cha miezi sita tangu aanze dawa. Virusi havijaonekana. Alifurahi, nami nikafurahi naye. Kisha akaniuliza: "Sista, kama havionekani, dawa namezea nini?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa, kwamba vimejificha. Hakuridhika. Akataka kujua vimejificha wapi, ni vingapi, na mpaka lini. Ni swali la mtu mwenye akili na sitaki kumrudishia jibu jepesi akija mwezi ujao.

Kwenye mafunzo mkufunzi alitupitisha haraka kwenye slaidi yenye milinganyo mitatu na mchoro wa mstari unaoshuka, akasema mwili wa asiyetumia dawa huzalisha virusi mabilioni kila siku. Mabilioni kwa siku, na mtu huyohuyo anaweza kukaa miaka 8 au 10 akilima na kulea watoto, hajui kama anaumwa! Hayo mawili yanakaaje pamoja? Na nani alivihesabu? Naomba anayeijua hesabu yenyewe, siyo muhtasari.

Kokotoa:

Dada, hongera kwa kumsikiliza huyo kijana. Mada hii ndiyo niliyoandikia tasnifu yangu ya uzamili na bado naipenda, kwa hiyo nivumilie.

Milinganyo uliyoiona bila shaka ni hii:

dT/dt = s − dT − kVT
dI/dt = kVT − δI
dV/dt = pI − cV

T ni seli za CD4 zilizo nzima, yaani seli za kinga ambazo VVU huzishambulia, I ni zilizokwisha kuambukizwa, V ni virusi kwenye damu. dT/dt ni kasi ya T kubadilika, na nyingine vivyo hivyo. Mstari wa kwanza unasema mwili hutengeneza seli mpya kwa kasi s, nyingine hufa kifo chake cha kawaida kwa kasi d, nyingine hukutana na kirusi zikaambukizwa kwa kasi k. Wa pili unazifuata hizo zilizoambukizwa mpaka zinapokufa, kwa kasi δ. Wa tatu: kila iliyoambukizwa hutoa virusi p kwa siku, na mwili huviondoa kwa kasi c. Basi.

Sasa mchukue mgonjwa ambaye hajaanza dawa. Mpime leo, mpime tena baada ya miezi minne, idadi ya virusi haisogei sana. Ilikuwa rahisi kudhani ugonjwa umelala. Lakini dV/dt = 0, yaani V haibadiliki, haisemi hivyo. Inasema tu kwamba pI = cV, vinavyoingia ni sawa na vinavyotoka. Tangi la maji ambalo usawa wake haubadiliki huenda mabomba yake yote yamefungwa, au la kuingizia na la kutolea yote yamefunguliwa mpaka mwisho. Kwa kulitazama tu huwezi kujua. Utajua ukifunga la kuingizia.

Dawa ndiyo iliyofunga. Januari 1995 kundi la David Ho wa New York na la George Shaw wa Birmingham, Alabama, yalichapisha matokeo yao katika toleo moja la jarida la Nature: baada ya dawa, virusi vilipungua kwa nusu kila siku 2 hivi. Mwaka uliofuata Ho na Alan Perelson wa maabara ya Los Alamos wakasogea karibu zaidi. Wagonjwa 5 walipewa dawa ya ritonavir, wakatolewa damu kila saa 2 mpaka saa ya 6, kisha kila saa 6 mpaka siku ya 2, kisha kila siku mpaka siku ya 7. Wewe unayetoa watu damu unajua uzito wa ratiba hiyo. Ilikuwa lazima, kwa sababu mstari hauanzi kuporomoka papo hapo. Ritonavir haizuii seli iliyokwisha kuambukizwa kutoa virusi, inafanya tu vinavyotoka visiweze kuambukiza. Vile vya zamani vilivyomo kwenye damu vinaendelea kuambukiza mpaka viondolewe. Kwa hiyo mchoro una kibega kidogo mwanzoni, kisha ndipo unateremka. Mteremko unakupa δ. Kibega kinakupa c. Mtu anayepima mara moja kwa wiki hakioni kabisa.

Walichopata: kirusi kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya saa 6 hivi, seli iliyoambukizwa huishi wastani wa siku 2.2, na mwili huzalisha virusi bilioni 10 hivi kwa siku. Kizazi kimoja cha virusi ni siku 2.6, yaani vizazi kama 140 kwa mwaka. Ile miaka 8 ya kulima na kulea ndiyo hiyo, dada. Mabomba yote mawili yako wazi.

Hapo pia utaelewa kwa nini ni dawa tatu kwa pamoja. Kirusi kina herufi karibu 10,000 za vinasaba na kila kinaponakiliwa hukosea takriban herufi moja kati ya 30,000. Kwa uzalishaji wa namna ile, kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea hutokea, tena kila siku. Dawa moja inayoshindwa kwa kosa moja imeshindwa tayari kabla hujaimeza. Makosa kadhaa ya kuzishinda zote tatu kukutana ndani ya kirusi kimoja ni jambo adimu mno.

Sasa swali la kijana. Mwaka 1997 Perelson na wenzake waliona kwamba baada ya wiki mbili hivi mstari unapunguza kasi, kwa sababu kuna seli nyingine zinazoishi muda mrefu zaidi. Wakakadiria kwamba dawa kali zingemaliza virusi katika seli hizo kwa miaka 2.3 hadi 3.1, wakaonya kwamba huenda kuna maficho mengine. Na yalikuwepo. Ni seli za CD4 za kumbukumbu zilizotulia, ambazo kirusi kimejiandika ndani ya vinasaba vya seli zenyewe. Hazitoi virusi, kwa hiyo dawa haina cha kuzuia na kinga haioni cha kushambulia. Kundi la Robert Siliciano wa Johns Hopkins lilikadiria mwaka 1999 kwamba hupungua kwa nusu kila miezi 44.

Chukua kalamu ufanye naye. Anza na seli 100,000. Gawa kwa 2, gawa tena kwa 2, mpaka ibaki 1. Utagawa kama mara 17. 17 × 44 ni miezi 748, zaidi ya miaka 62. Tena siku hizi inajulikana kwamba seli hizo hujigawa na kuzaa nyingine zenye kirusi kilekile, hivyo hata hiyo miaka 62 si ya kutegemea.

Mtu wa Maabara:

Kokotoa, umeeleza vizuri mno, ila mbona kinga ya mwili haimo kwenye milinganyo yako? Seli za CD8, wale askari wengine wa kinga, ziko wapi?

Kokotoa:

Mkuu, umegusa penyewe. Katika modeli hii zimefichwa ndani ya δ, kana kwamba kazi yao ni kuua seli zinazotoa virusi. Unaweza kuziongezea mlinganyo wao, E, na wengi tulifanya hivyo. Nyani walileta utata. Mwaka 1999 watafiti waliwaondolea seli za CD8 nyani wenye SIV, kirusi cha nyani kinachofanana na VVU, na virusi vikapanda sana, kwa hiyo bila shaka zina kazi. Lakini mwaka 2010 makundi mawili yaliwapa dawa nyani wenye CD8 na wengine walioondolewa CD8, na mteremko ukawa uleule. Kama CD8 ndizo zilizokuwa zinaua seli zinazotoa virusi, zikiondolewa δ ingeshuka na mteremko ungelala. Haukulala. Basi yaelekea zinafanya kazi mapema zaidi, kabla seli haijaanza kutoa virusi, au zinapunguza p. Kwangu hapa ndipo hesabu ilipoonyesha thamani yake: ilisema wazi nini kingetokea, na kilipokosa kutokea tukajua pa kutafuta.

Mama Subira:

Wanangu, mimi ni mmoja wa WAVIU, watu wanaoishi na VVU, natumia dawa tangu 2008, na 2019 nikahamishiwa hii yenye dolutegravir. Sista, mwambie kijana asiache. Ila nami nina swali. Mwaka jana kipimo changu kilisoma kopi 84 za virusi, nikakosa usingizi. Kilichofuata hakikuonyesha kitu. Sijaruka hata kidonge. Ilikuwa nini?

Nesi wa Nyanda za Juu:

Kokotoa, asante sana, hesabu ya kugawa nitaifanya naye mezani kwa kalamu yake mwenyewe. Mama Subira, shikamoo. Namwachia Kokotoa, maana hata wagonjwa wangu huniuliza hilo.

Kokotoa:

Shikamoo mama. Mara kwa mara mojawapo ya zile seli zilizotulia huamka na kutoa virusi. Ukiwa umemeza dawa, vinatoka lakini haviwezi kuambukiza seli mpya, na kwa ile kasi ya c vinaondolewa haraka. Damu ikichukuliwa siku hiyo, kipimo kinaona kidogo. Pia kipimo chenyewe hucheza kwenye namba ndogo. Asiyekuwa na dawa, seli ileile moja ikiamka inatosha kuanzisha upya. Kwa wengi huchukua wiki 2 hadi 4 tangu kuacha dawa. Kwa mtoto mmoja wa Mississippi, Marekani, aliyeanzishiwa dawa saa 30 baada ya kuzaliwa ilichukua miezi 27 bila dawa, watu wakaanza kusema amepona, na Julai 2014 virusi vikaonekana tena.

Kopi 84 mara moja si dalili kwamba dawa imeshindwa. Zikijirudia mara mbili tatu, au zikipanda, hapo kliniki watataka kupima tena mapema. Endelea na kidonge chako saa ileile, mama, na tarehe yako ya kipimo usiipishe.