Herufi na tarakimu kwenye bili ya hospitali zina maana gani?

Binti wa Malindi:
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mama yangu, mwenye miaka 67, alilazwa siku 3 hapa Malindi kwa ajili ya presha na sukari. Bili tuliyokabidhiwa ina safu iliyoandikwa I10, E10.9 na R50.9, bila maelezo yoyote. Karani alitwambia kuwa hizo ni "kodi za ugonjwa", mama akauliza tangu lini maradhi yakatozwa kodi. Je, zinatuongezea malipo, na nitajuaje kama ni sahihi kabla sijaipeleka bili kwa watu wa bima?

Karani mstaafu, Lamu:
Wa alaykumu salaam, dada. Mama hatozwi kodi. Hiyo ni misimbo ya maradhi kutoka orodha ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICD-10, iliyoidhinishwa mwaka 1990. Herufi na tarakimu 2 za mwanzo hutaja ugonjwa, na tarakimu iliyo baada ya nukta hueleza hali yake. I10 ni presha ya kupanda isiyotokana na ugonjwa mwingine, na hapo mwanzo ni herufi I, si moja. Nimewahi kuona bili ikirudishwa kwa sababu mtu aliandika 110. R50.9 ni homa ambayo chanzo chake hakikutajwa, kwani R hutumika kwa dalili, hasa pale ugonjwa wenyewe haujajulikana. Bei utaiona kwenye mistari ya dawa, vipimo na kitanda, ila bima huitazama misimbo ili ijue kama matibabu hayo yanalingana na maradhi.

Muuguzi wa zamu:
Mimi kinachonitia shaka ni E10.9. E10 ni kisukari cha aina ya kwanza, ambacho aghalabu huanza utotoni au ujanani, ilhali cha wazee wetu wengi ni cha aina ya pili, yaani E11. Mama anadunga insulini?

Binti wa Malindi:
Hapana, anameza vidonge tu, na sukari ilimwanza akiwa na miaka 58. Karatasi ya kuruhusiwa nayo imeandikwa aina ya pili.

Muuguzi wa zamu:
Basi yaelekea aliyeandika bili amekosea. Usiisahihishe kwa kalamu yako. Irudishe pamoja na karatasi hiyo, daktari aliyemtibu athibitishe, kisha uchapiwe bili mpya.

Karani mstaafu, Lamu:
Na umwambie mama kwamba hata kuanguka kutoka mtini kuna msimbo wake, W14. Wakwezi wetu wa minazi hawakusahauliwa.