Panadi rodi ya Prado: nichonge ncha ya uzi kwa chuma gani?

PradoMoshi:
Habari wakuu. Prado 120, nimeinua springi za nyuma inchi mbili. Tangu hapo difu (ekseli ya nyuma) imehama, tairi ya upande mmoja imetokeza nje ya madigadi. Nimeelewa kwamba gari ikipanda, panadi rodi, ile fimbo inayounganisha difu na chesi, inaivuta difu upande. Nataka kuikata niweke ncha yenye uzi, urefu niwe nausogeza mwenyewe. Fundi wa leti (mashine ya kukereza chuma) hapa mtaani anasema atachonga kila kitu kwa shafti kuukuu ya lori, "chuma kigumu hakifi", uzi M20 (kipenyo milimita 20) wa kawaida. Nimwachie?

Mzee wa Gereji:
Nunua ya dukani ulale usingizi. Hiyo rodi ndiyo inaishika difu isiyumbe.

Mkerezaji_Unga:
Mzee ana hoja, lakini inachongeka. Mimi ni mkerezaji, niko Unga Limited hapa Arusha, na gari za watalii zinaniletea hizi rodi kila msimu.

Shafti ya lori airudishe skrepa. Kile chuma kilishapikwa kiwandani. Ukikichomelea kwenye paipu laini ya rodi bila kukipasha moto kwanza, pembeni ya welding panakuwa pakavu kama glasi. Hapakatiki leo. Panakatika kwenye barabara mbovu ya mbugani, na welding yenyewe utaikuta nzima, inang'aa.

Kipande cha jike, chenye uzi wa ndani, kinachoingia kwenye paipu, kiwe maildi stili nene, kipenyo milimita 35 hivi. Nguvu utaipata kwenye unene. Kikerezwe bega kiingie ndani ya paipu kwa kubana, sentimita mbili na nusu au tatu, paipu itobolewe matundu mawili ya kujazia welding, ndipo izungushiwe mkanda. Uzi uwe M20 kwa 1.5 (milimita kati ya jino na jino), siyo 2.5 anaotaka yeye. Uzi mpana unakula chuma: kiini cha dume, kipande chenye uzi wa nje, kinabaki kama milimita 17, wa 1.5 unakuachia 18 na ushee, na loknati (nati ya kukaza uzi usilegee) inashika vizuri zaidi kwenye mtikisiko. Tundu la jike kabla ya kukata uzi liwe milimita 18.5. Ukishachomelea pitisha tapu (kifaa cha kukata uzi wa ndani) tena, maana moto unalibana.

Dume liwe EN8, chuma chenye kaboni ya wastani, kwa sababu nalo litachomelewa kwenye jicho la bushi (pete inayoshika bushi ya mpira). Lipashwe mpaka tone la maji likidondoka linarukaruka, fimbo za kuchomelea ziwe 7018 zilizokaushwa, kisha lizikwe kwenye chokaa lipoe taratibu. Uzi ukatwe kwenye leti; dai ya mkono (kifaa cha kukata uzi wa nje) inakwenda kombo. Pale uzi unapoishia aache mfereji wa mviringo. Akiacha kona kali, ufa utaanzia hapo hapo.

Halafu toboa katundu ka milimita 3 kwenye jike, sentimita tatu kutoka mdomoni. Ingiza waya: ukipenya mpaka ng'ambo, dume halijaingia vya kutosha, rodi ni fupi. Hicho katundu wateja wanakidharau, mimi siuzi rodi bila hicho.

PradoMoshi:
Asante sana mkuu. Na upande wa pili nikiweka uzi wa kushoto (unaofungwa kinyume), nirekebishe bila kufungua?

Mkerezaji_Unga:
Kwa panadi sioni faida. Fungua bolti moja, zungusha nusu, umepata 0.75 mm. Kushoto na kulia ni raha, mzunguko mmoja unakupa milimita 3, ila sasa una loknati mbili za kuchunga, na zikilegea rodi inajizungusha yenyewe. Tena tapu ya kushoto kuipata ni shughuli. Pima gari ikiwa imesimama kwenye tairi zake, siyo kwenye jeki.

Land_Rover_Tu:
Zile ncha za gololi ya chuma je?

Mkerezaji_Unga:
Kwa vumbi letu? Zinaanza kugonga mapema mno. Baki na bushi za mpira.

PradoMoshi:
EN8 nimeipata. Bushi nizitoe kabla ya welding?

Mkerezaji_Unga:
Zitoe zote, na ya upande usiokatwa. Joto linaweza kufika kwenye mpira.