Takaful, bima ya kawaida au mfuko wa kufa na kuzikana: walimu mnachagua nini?

MwlChaki
Salamu zenu wapendwa. Nina miaka 9 kazini na bima ya maisha ya kawaida, inakatwa kwenye mshahara tangu mwaka wa kwanza. Fomu ililetwa ofisini, nikasaini pamoja na wenzangu. Sasa moyo unanituma takaful, yaani bima ya Kiislamu, lakini naona hata walimu Waislamu wengi hawajiungi. Ukiacha jina, tofauti iko wapi?

BintiMgeni
Iko kwenye mkataba, mwalimu. Bima ya kawaida unanunua kinga: ukishalipa, pesa ni ya kampuni na hatari ni yake. Kwenye takaful mchango wako ni tabarru, yaani sadaka ya hiari: umeutoa kwenye mfuko wa wanachama ili msaidiane. Kampuni ni msimamizi tu, analipwa ujira wa uwakala au fungu la faida kwa mudharaba, yaani wanachama wanatoa mtaji, yeye anauzungusha, faida mnagawana. Mfuko ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila riba. Ziada ikipatikana, wanachama wanaweza kugawiwa kama mkataba unavyosema. Kwa misingi hiyo Baraza la Kimataifa la Fiqhi (sheria ya Kiislamu) lililokutana Jeddah mwaka 1985 lilikataa bima ya kibiashara, likaruhusu ya kusaidiana.
Haya wakala hatuelezi. Anasema "ni halali" na anafungua fomu. Mwalimu ni mtu wa kuuliza kwa nini. Asipojibiwa haweki sahihi.

MzeeDaftari
Mimi nasema ni makato. Ya kawaida inakatwa juu kwa juu. Takaful ukiambiwa upeleke mwenyewe kila mwezi, ada za watoto zikifika unaruka mmoja, kisha wa pili, kinga inakufa. Nilikohamia mwajiri alikubali kuikata kwenye mshahara, na wenzangu wengi wakajiunga muhula uleule. Imani yao ilikuwa ileile.

NeemaK
Mimi Mkristo na gari langu liko takaful. Hakuna aliyeniuliza dini.

UstadhaR
Msisahau malipo. Mjane wa mwenzetu alizungushwa miezi na kampuni moja ya takaful, barua hii, muhuri ule. Iliniuma sana. Shule nzima ilijua, na mwaka ule hakujiunga hata mmoja. Mfuko wetu wa kufa na kuzikana ulimfikia kabla ya arubaini. Lakini ulitosha mazishi tu. Mwalimu akipata ulemavu akiwa na watoto wadogo, mfuko ule haumbebi.
Na uliza hili kabla ya kusaini: jina utakaloandika kwenye fomu ni la mpokeaji wa kuwagawia warithi kwa mirathi, au ni hiba yake peke yake? Familia zimegombana kwa kutojua.

MwlChaki
Ustadha, la mpokeaji sikulijua kabisa, Allah akulipe. Je, niivunje ya zamani kwanza?

BintiMgeni
Usiivunje leo. Ukivunja mapema unaweza kurudishiwa pungufu ya ulicholipa, na takaful inaweza kuuliza afya yako ya sasa, si ya miaka 9 iliyopita. Subiri ukubaliwe kwa maandishi, ndipo usimamishe makato.

MwlChaki
Jumatatu naanza kwa mhasibu, nijue kama takaful inakatika kwenye mshahara. Isipowezekana, tuko 6 ofisini tutakaoandika barua pamoja.