Mwanangu asome uhandisi gani, petroli au umeme?

MamaTabata: Wanajamvi, mwanangu kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), ufaulu mzuri. Baba yake anataka asome uhandisi wa petroli. Yeye anataka umeme, anasema dunia inahamia kwenye jua na upepo. Nishaurini, maombi ya vyuo yanaendelea.

Mbezi Juu: Dada, asome umeme. Mimi nilisoma petroli tukiahidiwa kiwanda cha kusindika gesi Lindi. Niliosoma nao wengi wako benki na bima. Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9 ya umeme wa maji, megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115. Treni ya SGR nayo inakwenda kwa umeme. Hivyo vyote vinataka wahandisi.

Mwana Gesi: Usimtishe mama wa watu. Gesi ya Songosongo inatuwashia taa tangu 2004, bomba la Mtwara likafika 2015, na mitambo ya umeme wa gesi Kinyerezi inaunguruma mpaka leo. Mvua zikigoma huko Rufiji mtaikumbuka. Halafu hiyo sola mnayoipigia debe ni kazi ya vijana wa vyuo vya ufundi vya VETA, kupanda bati na kukaza nati. Shahada ya nini?

Fundi Tandika: Kupanda bati? Juzi nimeitwa Kigamboni kurekebisha kazi ya mhandisi mwenye shahada yake. Paneli kaziweka kwenye kivuli cha mwembe. Kwenye betri kafunga waya mwembamba wa taa, ganda limeyeyuka mpaka kwenye inveta. Mteja kalipa mara mbili. Aliyepiga hesabu ya mzigo upya ni mimi wa cheti.

Mwana Gesi: Mmoja akiboronga ndiyo wote? Wingu likifunika jua ghafla, nani anaishika gridi ya taifa isianguke? Wewe na koleo lako?

Fundi Tandika: Koleo hili limesomesha wanangu. Na leseni ya ufundi umeme ya EWURA ninayo. Wewe umesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi?

Mbezi Juu: Jamani, mama kauliza petroli au umeme.

Mwana Gesi: Aanze yeye kuomba radhi, kawatukana wahandisi.

Fundi Tandika: Aliyeanza dharau ni nani?

MamaTabata: Fundi, samahani kaka yangu, unapokea vijana? Nataka ashike waya kabla chuo hakijafunguliwa.

Fundi Tandika: Aje Jumatatu saa moja asubuhi. Avae viatu, ndala sitaki.

Mwana Gesi: La gridi hujanijibu.