Maji ya Kibirizi si gharika ya Nuhu

*Kikundi cha ukoo, Kigoma*

Shangazi: Wapendwa, someni hii niliyotumiwa. Ziwa Tanganyika kupanda mpaka Kibirizi si bure. Gharika ya Nuhu inarudi. Pale mwaloni baa zimezidi, watu wamemsahau Mungu 🙏🏾

Baba Mdogo: Dada shikamoo. Gharika hairudi. Mwanzo 9, Mungu ameweka upinde wake mawinguni na kuahidi kwamba maji hayataangamiza tena kila chenye mwili. Aliyeandika hiyo meseji aliishia sura ya 7.

Deo: 😂😂 sura ya 7

Shangazi: Deo usicheke. Na Sodoma je? Na nzige wa Yoeli?

Baba Mdogo: Hayo yapo, sikatai. Manabii waliona janga kama wito. Yoeli, nzige wamekwisha kula shamba lote, anawaita watu wafunge: rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu. Amosi naye anaanza kitabu kwa kusema aliona maono miaka miwili kabla ya tetemeko, siku za mfalme Uzia. Lakini nenda kwa Eliya pale Horebu. Ukaja upepo unaopasua miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na Bwana hakuwamo hata kimoja. Na lile tetemeko la Filipi, Matendo 16, lilifungua milango ya gereza! Sasa dada, hili la Kibirizi umelijuaje ni la aina gani?

Shangazi: Angalia tu waliofurikiwa ni akina nani.

Mama Pili: Wifi, waliofurikiwa ni mimi. Maji yamevuka kizingiti cha jiko, chanja zangu za dagaa zinaelea. Ile baa iko kule mwinukoni, haijalowa hata ngazi. Jana usiku walipiga muziki mpaka saa nane.

Deo: Pole sana mama mdogo

Baba Mdogo: Ndiyo Siloamu hiyo. Luka 13, mnara uliua watu 18, Yesu akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe, sivyo.

Shangazi: Malizia mstari. "Msipotubu, ninyi nyote mtaangamia vivyo hivyo."

Baba Mdogo: Namalizia. Hao "ninyi nyote" ni wazima waliosimama pale wanasikiliza. Yaani mimi na wewe, tuliokaa Mwanga tukiwa wakavu.

Babu: Ziwa hili lina mlango mmoja wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie upande wa Kongo. Mvua zikizidi, Malagarasi na Rusizi zinalijaza na mlango ni uleule. Miaka ya 1870 lilikuwa juu kuliko leo. Pale Ujiji Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 palikuwa karibu na maji, leo ufuko uko mbali. Enzi hizo hapo mwaloni baa ilikuwa ya nani?

Deo: 😂😂😂 Babu!!

Shangazi: Baba shikamoo. Bado nasema kutubu hakujamdhuru mtu. Mama Pili, vitu gani vimebaki ndani?

Mama Pili: Magodoro na gunia la mchele. Natafuta mwenye kirikuu kabla ya giza.

Deo: Kirikuu haifiki, njia ya mwaloni imejaa maji. Nakuja na toroli.

Shangazi: Watoto walale kwangu. Deo, anza na magodoro, masufuria baadaye.