Naomba ushauri: Canter ya boksi kuwa nyumba ya safari kwa milioni 7

Mwendapole

Wakuu, habari za wakati huu. Nina Mitsubishi Canter ya boksi. Ndani ina urefu wa mita 4.2, upana 1.8 na kimo 2.0. Boksi ni bati la aluminiamu juu ya fremu ya chuma, sakafu ni mbao, na nyuma kuna milango miwili inayofungwa kwa vyuma vya nje. Nataka iwe ya kulala watu wawili, safari za Dar, Iringa, Njombe na Lushoto. Si ya biashara.

Bajeti ni milioni 7, gari halimo humo. Fundi seremala anataka aanze na kitanda na makabati. Nianzie wapi? Joto nalizuiaje? Umeme wa friji ndogo, feni na taa unahitaji nini? Na je, nitoe jani moja la springi za nyuma? Gari likiwa tupu linaruka mno.

FundiBodi

Mkuu, seremala asubiri. Ukishafunga plaiwudi, tundu la kuvuja hulioni tena hadi mbao zioze.

Anza na maji. Mtu mmoja aingie ndani na tochi na chaki, afungiwe milango. Wa nje amwagie boksi kwa mpira, aanzie chini apande taratibu, dakika tano kila upande, paa liwe la mwisho. Ukianza na paa, maji yatateremka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Kagua zaidi pembe za juu, mstari wa ribeti unaounganisha paa na ukuta, na matundu ya taa za juu. Silikoni ya zamani ikwanguliwe yote hadi bati lionekane, maana hakuna gundi inayoshika juu ya silikoni. Kisha ziba kwa gundi ya poliyurethani ya magari. Ile silikoni inayonuka siki usiitumie, inakula aluminiamu.

Madirisha mawili yanatosha, yatazamane. Tafuta nguzo za fremu kwanza, ukate katikati yake, nguzo usiiguse. Ndani ya tundu weka fremu ya mbao yenye unene sawa na ukuta, la sivyo ukikaza skrubu bati litabonyea na maji yatakaa hapo hapo. Mahali chuma kinapogusa aluminiamu paka praima na gundi katikati. Kwa hewa ya chumvi ya pwani, sehemu hiyo ndiyo huanza kuchanua unga mweupe.

Halafu jambo ambalo naomba usilipuuze: milango yako inafungwa kwa nje. Mtu akisukuma kile chuma mkiwa mmelala, au kikajiangukia, hamtoki. Kata mlango wa ubavuni wenye kitasa cha ndani, au fundi wa kuchomelea apitishe mhimili kutoka kile chuma cha kufungia uingie ndani uwe na mkono wake. Dirisha moja nalo liwe la kufunguka lote, sentimita 50 kwa 60 au zaidi, liwe njia ya pili ikitokea moto.

Jiwe la Mizani

Ongeza uzito kwenye hesabu, mkuu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inagusa gari la kuanzia kilo 3,500, na Canter nyingi zimo. Vigwaza na Mikese utapita mizani hata kama umebeba godoro tu.

Karatasi ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, milimita 9, ina kama kilo 15 au 16. Ya milimita 12 ni kama 21. MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) ya milimita 18 inafika kilo 40, halafu ikinywa maji inavimba na skrubu zinachomoka kwa mtikisiko. Hesabu ya gari lako: karatasi 10 za milimita 9 na 6 za milimita 12 ni kama kilo 280, mbao za paini 60, maji 100, godoro 25, friji 18, paneli mbili 22, betri 12, mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa 13. Jumla kama kilo 530. Ongeza watu na mizigo yao, bado uko salama. Makabati hayo hayo yakijengwa kwa MDF, mbao peke yake zitapita kilo 600.

Pangilia vizuri. Vizito vyote vikae chini ya magoti, tanki la maji liwe mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unanyanyua pua ya gari na usukani unakuwa mwepesi. Kushoto na kulia visipishane sana: jiko na friji upande mmoja, maji na betri upande wa pili.

Springi Moja

Kuhusu springi, toa jani moja tu mkuu, ndiyo dawa. Gari la kilo 800 za mzigo halihitaji springi za tani mbili.

FundiBodi

@Springi Moja hapana, tuende taratibu. Canter nyingi zina vifurushi viwili nyuma: kikubwa cha chini na kidogo cha juu ambacho miisho yake haigusi vituo mpaka gari libebe mzigo. Kama ndivyo, ukitoa jani la kile kidogo hujabadilisha kitu, kwa sababu gari likiwa jepesi hakifanyi kazi kabisa.

Jenga kwanza, ujaze maji, pima mizani ekseli kwa ekseli, ndipo uamue. Kabla ya hapo fanya vya bei nafuu. Fungua majani, safisha kutu, paka grisi ya grafaiti katikati yake. Majani yaliyoshikana kwa kutu hayatelezi na kila shimo linapanda hadi mgongoni. Badilisha shokapu zilizokufa. Punguza upepo wa tairi za nyuma kulingana na uzito uliopima, maana kiwango cha kibandiko cha mlangoni ni cha mzigo kamili. Ukifika mahali pa kutoa jani la kifurushi kikubwa, bolti ya katikati na yu-bolti zibadilishwe kulingana na unene mpya, na kama breki ina vali inayosoma mzigo, irekebishwe pia.

Na boksi lisiungwe na kebini kwa chuma. Chesisi inajipinda kwenye barabara mbovu, hivyo kila kimoja kinatikisika kivyake. Kukata njia ya kupita toka kebini hadi boksi ndiko huleta nyufa.

Bi Kivuli

Habari zenu ndugu zangu. Mimi naongelea joto, maana bati la aluminiamu juani linakuwa kikaango.

Eneo la kufunika: paa mita za mraba 7.6, kuta mbili 16.8, mbele 3.6. Jumla 28, nunua 31 kwa ajili ya vipande vya kupotea. Tumia foamu ngumu ya XPS, milimita 30 paani na 25 ukutani. Pamba ya kioo usiweke. Inanywa unyevu, inashuka kwa mtikisiko, na juu kunabaki wazi. Jaribu gundi kwenye kipande kwanza, kwa kuwa gundi ya mpira ya mafundi viatu inayeyusha foamu.

Kosa la wengi ni kujaza foamu kati ya nguzo na kuacha nguzo zenyewe wazi. Chuma kinapitisha joto moja kwa moja hadi kwenye plaiwudi. Bandika ukanda wa foamu laini wa milimita 5 hadi 10 juu ya kila nguzo kabla ya kufunga ubao. Karatasi ya kung'aa nayo haina kazi ikibanwa kati ya bati na ubao. Inahitaji nafasi ya hewa mbele yake.

Paneli za sola ziinuliwe sentimita 6 hadi 8 juu ya paa. Hapo zinakuwa paa la pili: jua linaishia kwenye paneli na upepo unapita chini yake. Sehemu iliyobaki ya paa paka rangi nyeupe. Feni ya kutolea hewa ikae paani upande mmoja, tundu la kuingizia liwe chini upande wa pili, vyote na wavu wa mbu.

Njombe na Lushoto mwezi wa Juni na Julai shida inageuka. Watu wawili wakilala usiku mmoja wanapumua zaidi ya nusu lita ya maji hewani. Ukifunga kila kitu, asubuhi utakuta matone yamejipanga kwenye kila kichwa cha skrubu kilichogusa chuma. Acha tundu la juu wazi kidogo hata kama ni baridi. Na jiko la mkaa lisiingie humo kamwe, hata likiwa limebaki makaa tu.

Mwendapole

Asanteni sana wakuu, seremala nimemsimamisha. Swali la umeme: gari lina betri mbili, ni volti 24. Nimeambiwa nivute volti 12 kutoka betri moja ya gari nipate umeme wa taa na friji. Ni sawa?

Wati kwa Wati

Usifanye hivyo mkuu. Betri hizo zimeungwa mfululizo, altaneta inazichaji kwa mkondo mmoja. Ukinyonya moja, hiyo inabaki na njaa siku zote huku mwenzake anazidishiwa na kuchemsha maji. Zote mbili zinakufa, na asubuhi gari haliwaki.

Jenga mfumo wa nyumba peke yake, volti 12. Matumizi ya siku: friji ya kompresa ya volti 12 kama wati-saa 450, feni 160, taa 50, simu na redio 80. Jumla 740. Betri ya lithiamu ya chuma-fosfati ya ampea-saa 100 (100Ah) ina wati-saa 1,280, inatosha usiku na nusu siku ya mawingu. Paneli mbili za wati 200 zilizolala paani, kwa saa 4.5 za jua kamili na hasara ya asilimia 30, zinakupa kama 1,260. Paneli moja ingekupa 630, friji ingekushinda. Kontrola, yaani kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, iwe ya aina ya MPPT, ya ampea 30. Paneli uziunge sambamba, ili kivuli cha mti kikifunika moja nyingine iendelee. Zifungwe kwa bolti kwenye mbavu za paa, gundi peke yake haitoshi.

Waya ndipo watu wanapobana pesa vibaya. Friji ikivuta ampea 5, umbali wa mita 5, waya wa milimita za mraba 1.5 unapoteza karibu volti 0.6. Kompresa ikitaka kuwaka inavuta zaidi, volti zinaporomoka, friji inajizima, na mtu analaumu betri. Weka waya wa 2.5, ukiweza 4. Taa 1.5 inatosha. Kutoka betri hadi boksi la fyuzi tumia 16, na fyuzi kuu ya ampea 60 ikae sentimita 15 tu kutoka kichwa chanya cha betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Waya upite ndani ya bomba la plastiki kila unapovuka chuma.

Kuchaji ukiwa safarini kunahitaji chaja ya kushusha 24 kwenda 12, inayokubali lithiamu. Inaweza kusubiri. Inveta pia isubiri.

Bi Kivuli

Gesi na maji kwa kifupi. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni. Mtungi usimame wima kwenye kisanduku kilichozibwa upande wa ndani, chenye tundu la chini linalotoka nje ya gari. Viungo vyote vipimwe kwa povu la sabuni, na koki ifungwe kila gari likiondoka. Maji: madumu matano ya lita 20 na pampu ya mguu. Ni rahisi kuosha kuliko tanki, na unajaza kisimani bila mpira. Kabla ya kutoboa sakafu, ingia uvunguni uangalie: bomba la breki na waya za taa zinapita hapo hapo.

Jiwe la Mizani

Mgawanyo wa milioni 7 ningeuweka hivi: kuziba, madirisha, mlango na feni 1.5, foamu na plaiwudi 1.6, umeme 2.3, maji na gesi 0.4, godoro 0.3, na 0.9 ikae pembeni. Friji haimo humo. Waya wake uupitishe sasa, friji utainunua baadaye.

Ukimaliza, peleka mabadiliko TRA kadi isomeke kama gari lilivyo, na mwambie wa bima kabla hujatoka barabarani. Gari likitembea, wote wawili mkae kebini.

Mwendapole

Nimeelewa wakuu. Jumamosi naanza na mpira wa maji na chaki. Kuhusu mlango wa ubavuni: niuweke kushoto au kulia?

FundiBodi

Kushoto. Ukisimama kando ya barabara unashukia kwenye majani, upande wa magari unabaki kulia. Angalia tu mlango usikae juu ya tanki la mafuta ya gari. Likiwa upande huo, sogeza mlango nyuma yake ili ngazi ipate nafasi.