Tupeane uzoefu: Java mbili kwenye kompyuta moja, ipi iitike?

Wakuu, mradi mmoja unadai Java 8, mwingine 17, na zote zimo kwenye mashine moja. Tuweke hapa njia za uhakika za kuchagua ipi iwe chaguo-msingi. Kila mtu na mfumo anaoujua.

#2
Ubuntu na Debian: `sudo update-alternatives --config java`, andika namba ya toleo unalolitaka, bonyeza Enter. Wengi huishia hapo, kumbe javac (inayogeuza msimbo kuwa faili za kuendeshwa na java) ina orodha yake. Rudia kwa `--config javac`. Ukiiacha, javac ya 17 itatoa faili ambazo java ya 8 haiwezi kuzisoma, na utakutana na UnsupportedClassVersionError. Ujumbe huo usiuogope, una namba ndani yake: 52 ni Java 8, 55 ni 11, 61 ni 17, 65 ni 21. Isome kabla hujafuta chochote.

#3
Naongezea kwa mkuu #2. Amri hiyo haigusi JAVA_HOME (kigezo cha mfumo kinachoonyesha folda ya Java), na Maven, zana ya kujenga miradi ya Java, hufuata JAVA_HOME. Ndiyo maana `java -version` inakujibu 17 huku `mvn -version` ikijibu 8. Kwenye ~/.bashrc (faili la mipangilio ya terminal) weka:

`export JAVA_HOME=/usr/lib/jvm/java-17-openjdk-amd64`

Kisha `source ~/.bashrc`. Usimalizie njia hiyo kwa /bin, Maven itagoma.

#4
Windows: Path (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa) husomwa kuanzia juu, na ya mfumo hutangulia ya mtumiaji. Ukiweka JDK (kifurushi cha Java cha watengeneza programu) kwenye ya mtumiaji wakati ya mfumo ina Java nyingine, ile ya mfumo ndiyo itakayoitika. Andika `where java` kwenye cmd. Mstari wa kwanza ndio unaotumika. Ukikuta folda ya javapath ya Oracle, pandisha `%JAVA_HOME%\bin` juu yake. Halafu fungua cmd mpya, iliyokuwa wazi inabaki na Path ya zamani.

#5
Mac: `/usr/libexec/java_home -V` inaorodhesha zilizopo. Kwenye ~/.zshrc: `export JAVA_HOME=$(/usr/libexec/java_home -v 17)`.

#3 (tena)
Tafadhali sana, mbinu ya update-alternatives msiihamishie kwenye python3 ya Ubuntu. Zana za apt (kisakinishi cha programu cha Ubuntu) zimefungamana na toleo lililokuja na mfumo; ukilibadilisha zinaanza kulalamika kwamba apt_pkg haipo. Kwa Python tumieni venv (mazingira yaliyotengwa) kwa kila mradi, au pyenv (zana ya kubadilisha matoleo ya Python), na /usr/bin/python3 ibaki kama ilivyo.